Mgeni Aliyepita kwa Kadi Yangu

Kadi ya nauli ililia, ti!, taa ikawa kijani, geti likafunguka. Yule mzee aliyelalamika kwamba kadi yake haina salio akapita, na nyayo zake hazikusikika sakafuni. Fundi cherehani, aliyemgusishia kadi yake mara ya pili kama abiria wanavyosaidiana pale kituoni, hata hakushtuka. Wema ulikuwa umempanda kichwani.

Fundi aliposhuka kwenye basi, akagusisha kadi kwenye geti la kutokea, akatoka. Alipogeuka, mzee hayupo. "Ameshuka njiani," akajisemea.

Ameshuka wapi! Jioni, chumba cha mama yake kilinuka nywele zilizoungua. Godoro lilikuwa limebonyea kando ya mama aliyelala, kana kwamba kuna mtu amekaa. Mama alifungua kinywa amuite mwanawe. Sauti haikutoka, na kila siku iliyofuata alizidi kunyauka, huku cherehani ikijizungusha yenyewe sebuleni, na harufu ile ikitambaa chini ya mlango, ikapanda shukani, ikamkaa mgonjwa kifuani mpaka pumzi yake ikawa ya kuhesabu.

Fundi akamkimbilia shangazi yake, mganga asiye na subira, akamsimulia yote.

"Ulimwingiza kwa kadi yako," shangazi akanong'ona. "Wakati wa kutoka, ukamgusishia?"

"Hapana, shangazi. Nilijigusishia mimi tu."

"Masikini wee! Hilo ni jini, na safari yake bado iko mgongoni mwako. Nenda kamtoe. Na usimbembeleze, unasikia?"

Asubuhi akapanda basi lile lile. Bega la kushoto lilimwelemea njia nzima. Kwenye geti la kutokea akagusisha kadi. Geti likafunguka.

"Toka," akasema.

Hakuna kilichosogea. Kisha sikioni, taratibu, ikaja sauti ya mama yake mzazi: "Mwanangu, unanifukuza?"

Machozi yalimtoka, na nusura avute kadi na kurudi nyumbani na mzigo wake, ampe chumba, ampe kitanda, ampe chochote anachotaka mradi aendelee kuisikia sauti ile. Halafu hasira zikampanda.

"Mwizi mkubwa! Sauti hiyo si yako. Iache hapa hapa, utoke!"

Abiria waligeuka kumtazama. Watazame! Bega likawa jepesi, upepo wa moto ukapita, geti likajibamiza. Fundi akagusisha tena, akatoka kivyake.

Nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani, anakohoa, anataka chai.

Kabla maji hayajachemka, mlango ukagongwa.

"Hodi."

Ile harufu ikaingia. Fundi akaganda, sufuria mkononi.

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi."

Mama akatupa shuka, akasimama kwa miguu yake, sauti ikatoka nzito, ikajaza nyumba nzima:

"Huyo Mimi hatumjui! Na hapa hakuna wa kukufungulia!"