Njahi kwa Shabaha, Harage kwa Umbali

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mjini Thika mtu hatembei, anasukumwa. Wafanyakazi wa mkonge na wa viwandani walikuwa wamelipwa, na ungedhani wamekubaliana wote wakutane mbele ya duka la Velji. Hawakuja kununua. Walikuja kusikiliza redio, maana fundi wa duka hilo, kijana aitwaye Gachanja, alikuwa ameipandisha juu ya pipa na kuvuta waya kutoka ndani mpaka barazani.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1957, na habari zilikuwa za kustaajabisha. Warusi walikuwa wamerusha mwezi wa chuma angani. Msomaji wa habari akaeleza kwamba roketi inayoweza kubeba mwezi inaweza pia kubeba bomu, na kwamba wakubwa wa majeshi huko Ulaya walikuwa wamekaa kikao kuamua wataalamu wao watafiti nini kwanza katika makombora ya kesho. "Nao wamekata shauri," akasema, "jambo la kwanza kabisa litakuwa..."

Redio ikanyamaza.

"Haiya! Litakuwa nini?" umati ukapiga kelele.

Gachanja aliruka kutoka kwenye kiti chake. Suruali yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi ikasimama kama ubao, na nywele zake zilikuwa na njia upande mmoja. Aliufuata waya kwa macho mpaka mwisho wake, na hapo akaona kiatu cheupe. Juu ya kiatu kulikuwa na gauni la manjano lenye mshipi mpana, na juu ya gauni uso wa msichana aliyekuwa hana habari na lolote, anachagua uzi wa kufuma.

"Dada," alisema Gachanja kwa upole, "umemkanyaga Mrusi."

Msichana akatazama chini. "Mimi? Hebu mwambie aondoke. Ananichafulia kiatu."

Watu wakacheka. Waya ulipopachikwa tena, habari zilikuwa zimekwisha na bendi ilikuwa ikipiga. Thika haikujua kamwe ni jambo gani wakubwa wa majeshi walitaka liwe la kwanza.

"Utatulipa vipi?" Gachanja aliuliza. "Mji mzima umebaki gizani kwa sababu yako."

"Nitawaombea kanisani. Jina langu Njambi, natoka Ruiru, ukitaka kunishtaki."

"Nitakushtaki kila Jumamosi," alisema Gachanja, na akatimiza neno lake.

*

Njambi alikuwa muuguzi katika zahanati ya shamba moja la kahawa, Ruiru, pamoja na rafiki yake Ndinda, Mkamba mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa. Zahanati ilikuwa na simu ya kuitia gari la hospitali. Baada ya wiki chache simu hiyo ikawa na kazi nyingine.

"Zahanati hapa."

"Mimi mgonjwa, sista."

"Unaumwa wapi?"

"Upande wa kushoto. Ugonjwa unaanza Jumamosi jioni nikikusindikiza stesheni, unapoa Jumamosi ya pili treni ya Ruiru ikiingia."

"Dawa yako ni sindano. Nene."

"Utanidunga wewe mwenyewe?"

"Atakudunga Ndinda, na mkono wake si mwepesi." Kisha akashusha sauti. "Gachanja, kipenzi, kata simu. Daktari anakuja."

Huko Thika, lile swali la redio lilikuwa limeota mizizi. Tobias, karani wa posta, mtu wa tai na miwani, alianzisha chama cha mdahalo katika ukumbi wa mji. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa. Ukitaja ardhi au kura ulijitafutia safari ya kituoni, na kila mkutano ulitaka kibali. Lakini makombora hakuna aliyeyakataza. Basi watu waliokatazwa kusemea shamba lao wenyewe wakajifunza kusema kwa kusemea silaha za watu wasiowajua, na walisema kwelikweli. Hoja ilikuwa moja: wataalamu wa jeshi waanze na Umbali, yaani kombora la kufika mbali, au waanze na Shabaha, yaani kombora la kupiga pale pale lilipoelekezwa?

Sheria ya Tobias ilikuwa moja pia. Hakuna mtu kuchagua upande. Unatia mkono ndani ya kofia. Ukitoa njahi, ile punje nyeusi ya jamii ya maharage, unatetea Shabaha. Ukitoa harage jekundu, unatetea Umbali. Upende usipende.

Gachanja hakuwa ameshindwa hata mara moja. Ungempa harage au njahi, angetetea mpaka mate yakauke, macho yakimetameta.

Mwezi wa Mei Njambi akamwambia baba yake, "Baba, kuna mtu nataka umsikie akisema."

Mzee Mburu, mzee wa kanisa na msimamizi wa ukaushaji wa kahawa, alikuwa mtu wa maneno machache. Alivaa koti lake zito la jeshi, la tangu vita vya Burma, akapanda treni na binti yake. Walikaa nyuma. Gachanja alikuwa ameshatoa harage jekundu kabla hawajaingia.

"Mwenyekiti," alinguruma, "Shabaha itasubiri! Kombora lisilofika litapiga nini? Nipe kwanza la kufika mbali. Na likikosa nyumba ya adui, si litampata jirani? Naye jirani alifuata nini kukaa karibu na adui?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Mburu akasimama, akavaa kofia yake, akatoka.

Njambi alimkuta stesheni, amekaa kwenye benchi, ameshika magoti.

"Baba, ni mchezo. Walipiga kura kwa maharage, yeye akapata..."

"Baba yako mdogo Ndung'u alikuwa amebeba maji," alisema Mzee Mburu. "Kule Burma. Sisi tulikuwa bondeni. Mizinga ilikuwa yetu wenyewe, Njambi, ilipiga kutoka nyuma yetu. Ilikosa." Aliitazama reli. "Yeye ndiye jirani. Mtu wa kumcheka jirani hataoa kwangu."

Njambi hakuwahi kusikia habari hiyo. Nyumbani walijua tu kwamba Ndung'u alikufa vitani. Alilia njia nzima mpaka Ruiru.

*

Kesho yake alimpigia Gachanja simu, akamweleza yote. Gachanja aliumia kweli. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Mzee Mburu na sukari, majani ya chai na mdomo wake, na hapo ndipo alipokosea. Angesema samahani akanyamaza, mambo yangekwisha. Badala yake akahutubia. Alilaani Umbali, akaisifu Shabaha, akataja watoto na wajane, akapiga ngumi kiganjani. Yalikuwa maneno matamu kuliko yale ya Thika.

Mzee Mburu alimsikiliza mpaka mwisho. "Juzi ulisema vile, na macho yalikuwa hayo hayo. Leo wasema hivi. Kinyonga hubadilisha ngozi, wewe wabadilisha moyo. Kunywa chai yako, kijana, uwahi treni."

Njambi alimsindikiza mpaka kwenye miti ya kahawa. Alivaa sweta ya buluu na hakutaka kushikwa mkono.

"Njambi, roho yangu, wewe unanijua."

"Nilidhani. Nimekutazama leo ukimwambia baba, nikakumbuka ulivyosema kule Thika. Hakuna tofauti, Gachanja. Hata sauti inatetemeka mahali pale pale." Akasimama. "Ile siku uliponiambia unanipenda, ulikuwa umepewa upande gani?"

Gachanja akafungua mdomo, na maneno yakaja, mengi, yamejipanga. Akayaona mwenyewe yalivyojipanga. Akaufunga.

"Kwaheri," alisema Njambi.

Tangu siku hiyo simu ya zahanati ilipokewa na Ndinda.

"Njambi yuko?"

"Ameenda kufua bendeji."

"Jana pia alifua bendeji."

"Wagonjwa ni wengi, shemeji. Na wewe umezidi kupiga. Andika barua."

"Nikiandika atasema ni hotuba."

"Na ni kweli!" Ndinda alicheka, kisha akamwonea huruma. "Sikia. Huyu msichana hali chakula. Jana amemwaga uji wote wa mgonjwa. Jumamosi chama chenu kinakuja kwetu Ruiru, si ndiyo? Mzee Mburu atakuja. Amesema atawaambia ukweli wao mbele ya watu. Mimi sijakwambia kitu."

*

Ukumbi wa Ruiru ulijaa mpaka madirishani. Akina mama walikuwa na vitambaa vipya kichwani, na vijana wa kiwanda cha kahawa walikuwa wameoga wakanukia sabuni. Njambi alikaa karibu na mlango, ndani ya lile gauni la manjano. Alijiambia kwamba mengine hayajakauka. Tusibishane naye.

Mzee Mburu akainuka. "Nataka kusema!"

"Karibu mzee," alisema Tobias, akipangusa miwani. "Lakini hapa hasemi mtu bila kutia mkono ndani ya kofia. Hiyo ni sheria."

Mzee Mburu alikuwa ameshika sheria za kanisa miaka mingi, akiwafukuza watu mezani pa Bwana kwa kuzivunja. Hakuweza kuikataa sheria mbele ya kijiji chake. Alitia mkono. Akatoa harage jekundu.

Njambi akafunika uso. Msemaji wa upande wa pili alikuwa Gachanja, na mkononi alikuwa na njahi.

"Umbali," alisema Mzee Mburu, akilitazama harage kama limemtukana. "Haya. Wanasema waanze na Umbali." Alianza polepole. Akasema kwamba mkuki hutangulia kufika ndipo uchome. Mtu akagonga meza. Akasema kwamba mvua nayo hailengi, na bado kahawa inaota. Watu wakapiga makofi. Mgongo wa mzee ukanyooka. "Na ninyi mnaotaka shabaha!" akapaza sauti, akimnyooshea kidole mzee mwenzake Macharia. "Macharia huyu alirusha jiwe kumfukuza mbwa wangu, akampata kuku wake mwenyewe. Lakini jiwe lilifika!"

Ukumbi ulipasuka. Macharia mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Mburu alikuwa anatabasamu, tabasamu pana ambalo binti yake hakuwa ameliona siku nyingi. Kisha taratibu likafifia. Alisikia kile kicheko, akajua ni yeye aliyekileta, kwa kutetea kitu anachokichukia. Akaketi bila kumaliza.

"Gachanja," Tobias aliita. "Jibu lako."

Gachanja akasimama. Upande wa haki ulikuwa wake safari hii, na neno la kumaliza kazi lilikuwa ulimini. Angesema, "Mheshimiwa, hebu tueleze Ndung'u alikufaje." Basi. Mzee angeanguka mbele ya jirani zake wote, na mdahalo ungekwisha. Njambi alilijua neno hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyempa. Alishika ukingo wa benchi, akamwangalia mdomo.

Mzee Mburu pia alimwangalia. Alijua binti yake asingemficha yule kijana kitu. Akangoja.

"Mwenyekiti," alisema Gachanja. "Mimi... Shabaha ni... Ninataka kusema kwamba..." Jasho likamtoka. "Mzee amesema. Mimi nili... kule Thika nilicheka kitu ambacho... Sina. Sina neno, Mwenyekiti."

Akairudisha njahi ndani ya kofia, akashuka jukwaani kabla mtu hajaelewa kilichotokea.

"Gachanja ameshindwa!" Ruiru wakapiga kelele, na kofia zikarushwa juu kwa ajili ya Mzee Mburu.

Njambi alimkuta nje, nyuma ya ukumbi, ameegemea ukuta, tai imepinda.

"Ulikuwa na neno," alisema.

"Nilikuwa nalo."

"Ungeshinda."

"Lilikuwa la baba yako. Si langu la kurusha."

Njambi akamsogelea, akainyoosha ile tai polepole. "Nikuulize tena, Gachanja. Leo umepewa upande gani?"

Gachanja alijaribu. Midomo ilitikisika, hakuna kilichotoka. Akafungua kiganja mbele yake. Hakikuwa na njahi wala harage.

"Nioe... yaani, wewe na mimi... Njambi, tafadhali," alisema mwishowe, na masikio yake yakaiva.

"Aibu gani hii!" Njambi alicheka, machozi yakimtiririka. "Bingwa wa Thika! Ndiyo. Ndiyo, mpenzi wangu. Umeongea vibaya sana, na nimekuamini kila neno."

Mzee Mburu akatokea pembeni, koti lake la jeshi begani, bado anapongezwa na watu njiani. Alimtazama kijana, akautazama mkono wa binti yake uliokuwa juu ya ile tai. Akakohoa.

"Njambi."

"Naam, baba."

"Mwambie huyu alete wazee wake Jumamosi ijayo." Akavaa kofia, akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Na watafute mtu wa kumsemea. Mwenyewe hajui kusema."