Folda ya Luhende

Wilhelmina aliandika ls, amri ya kuonyesha vilivyomo kwenye seva, akaiona tena folda ya Luhende. Jana aliifuta kwa rm -rf, amri isiyouliza mara mbili. Leo ilikuwa palepale.

Luhende alikuwa fundi wa kompyuta katika chama kimoja cha wakulima wa pamba mjini Bariadi hadi alipofariki, na Wilhelmina ndiye aliyerithi kiti chake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza iliharibika, kwa hiyo hii aliilinda kama yai.

Akaifuta tena. Chumba kikaanza kunuka ugoro, uleule aliokuwa akinusa marehemu. Akaandika who, amri ya kuonyesha walioingia kwenye mashine, yakatoka majina mawili, lake na la Luhende, na kabla hajainuka, mtoto akaruka tumboni mwake, na nyuma ya kiti chake, mchana kweupe, mtu asiyeonekana akapiga chafya taratibu.

Alikimbilia Ngulyati kwa mama mkwe wake, Ng'washi. Mama yule hakushangaa aliposimuliwa. Alisema marehemu hakuacha mtoto, na sasa anatafuta mtu wa kuitwa kwa jina lake.

"Mpe mtu jina lake, ng'wanone," alimwambia kama bintiye wa kumzaa. "Atatulia."

"Nimpe mwanangu, mayu?" Wilhelmina alimuuliza mama mkwe.

"Sasa utampa nani?"

Wilhelmina aliitikia kwa heshima, lakini moyoni alikataa katakata. Yeye na mumewe Nyanda walikwishachagua jina la Gloria, na hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Asubuhi akarudi kazini, akajiona mjanja. Jina la Luhende akaipa mashine, kwa amri ya kubadili jina la seva: hostnamectl set-hostname luhende.

Harufu ikakatika. Akaandika who, likatoka jina lake peke yake. Alicheka kwa raha.

Kisha, kwa mazoea tu, akaandika ls -l, ile inayoonyesha na mmiliki, na hapo akaona kuwa folda ya zamani haikuwepo, na mahali pake palikuwa na nyingine iliyoundwa dakika ileile ya kubadili jina, mmiliki wake Luhende, na jina lake gloria.

Alishika tumbo akangoja teke. Tumbo lilikuwa kimya.

"Gloria," aliita kwa kunong'ona.

Ndani ya bati la seva, kisigino kidogo kikagonga.