Fimbo Isiyogonga

Mkoba wa fimbo za gofu ulikuwa umelazwa juu ya meza ya baraza, zipu wazi. Iliyokosekana ilikuwa moja tu: ile fupi ya kusukumia mpira shimoni.

"Wangechukua nyingine zote wakaniachia hiyo," alisema Mama Monika, "nisingekusumbua, Inspekta."

Inspekta Rehani alivaa glavu, akapaka unga wa alama za vidole kwenye zipu. Alama zilikuwepo, ila zimepandana kama nyayo za mbuzi kisimani. Za kupeleka maabara hazikuwepo. Na hata zingekuwepo, gari la kituo halikuwa na mafuta. La mkubwa ndilo lilikuwa nayo.

Mama Monika alikuwa mwenyeji wa Bukoba, muuguzi mstaafu aliyehamia Ulaya zamani. Kila mwaka alikuja likizo kwenye hoteli hii ndogo nje ya Kilwa Masoko, akacheza gofu kwenye kiwanja chake cha mashimo sita. Majani yalikuwa yamekataa kuota pale, kwa hiyo kila shimo lilizungushiwa mchanga uliochanganywa na oili chafu. Wageni wengine walicheka. Yeye alikipenda hivyo hivyo. Zamani alikuja na mumewe. Siku hizi alikuja na fimbo ya mumewe.

"Ina alama gani?"

"Mahali pa kushikia pamefungwa tyubu ya baiskeli. Marehemu viganja vilimtoka jasho. Alifunga mwenyewe, nikamcheka sana."

Rehani, ambaye naye alikuwa amemzika mkewe, hakuuliza zaidi.

Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi. Kabla hajafika hata kuuona huo mkoba, mtuhumiwa alishawekwa ndani. Mkuu wa kituo alitoa amri kwa simu, bila kuinuka kitini: akamatwe mbeba mkoba. Kulikuwa na kiongozi anakuja Jumamosi kukagua utalii, na mkubwa alitaka jalada lifungwe kabla. Kwa watu wa namna hiyo, maskini akiwa karibu na kitu kilichopotea, upelelezi umekwisha.

Mbeba mkoba aliitwa Likwata, mtu wa kijiji cha Nangoka, jirani na hoteli. Rehani alimkuta mahabusu amekaa sakafuni, miguu ameikunja.

"Mkoba ulikuwa na nani jana?"

"Mimi, afande."

"Muda wote?"

"Adhana ya alasiri ilipolia nikauegemeza ukutani barazani, nikaenda kuswali. Niliporudi nikaukuta vilevile. Sikufungua kuangalia. Ningeangalia nini? Mama tulishamaliza kucheza."

"Barazani uliacha nani?"

Likwata aliwataja. Meneja Dominick, akiongea na simu. Brigita wa jikoni, akipita na vyombo. Na Mwenyekiti wa kijiji chao, Mzee Tawakali, aliyekuja kunywa soda ya bure kama kawaida yake.

"Fimbo umeuza wapi?"

"Nimuuzie nani, afande? Nangoka nzima nani anacheza gofu?" Akaikunjua miguu. "Meneja ameniambia kazi yangu inangoja mpaka Jumamosi. Fimbo isipoonekana, nisirudi. Mke wangu Zakia ana mimba kubwa, na sasa mtaani wanamwita mke wa mwizi."

Rehani alitoka pale akiwa na swali lilelile. Mwizi anaacha fimbo kubwa zinazong'aa, anachukua kifupi chenye tyubu ya baiskeli. Anataka kufanyia nini?

Meneja Dominick hakusaidia. Alizungumza muda mrefu juu ya sifa ya hoteli na tabia ya wafanyakazi wa siku hizi. Yeye hakuona kitu.

Brigita aliona. Alikuwa akisafisha samaki, na hakuacha kusafisha kwa sababu ya polisi.

"Mwenyekiti alikuja na mkeka ameukunja," alisema. "Nikamtania, mzee umehama nyumbani? Akasema mkeka wa msikitini huo, anaupeleka."

"Aliondoka nao?"

"Ameupakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga. Tena kwa adabu. Mimi nikajisemea, leo huyu amekumbuka Mungu."

Alhamisi Rehani alimtafuta Mwenyekiti, akaambiwa yuko kikaoni. Alirudi jioni, kikao kimehamia kwingine. Ndiyo kazi wanayoijua viongozi.

Ijumaa ilimkuta Nangoka. Adhuhuri ilipoingia alivua viatu, akaingia msikitini na wenzake kama Muislamu mwingine yeyote, akakaa safu ya nyuma. Mikeka ilikuwa ya zamani yote, imechakaa ncha. Aliiangalia mmoja mmoja, kisha akajilaumu kwa kufanya kazi ndani ya nyumba ya ibada.

Khatibu wa pale alikuwa Sheikh Mboni, mzee mrefu mwenye sauti ya upole. Muadhini alimkabidhi fimbo, kama ilivyo desturi, naye akapanda mimbari ameishika. Kila aliyewahi kumsikiliza alimjua: akifika kwenye jambo zito, aligonga ngazi ya saruji kwa fimbo, ko, na hata aliyesinzia aliamka.

Siku hiyo alisema juu ya amana. Akafika palipo pazito, akainua fimbo, akaishusha.

Kimya.

Akarudia. Kimya tena, kama mtu anayegonga godoro. Mzee mmoja mbele alikuwa amesinzia, na aliendelea kusinzia. Rehani alikaza macho. Fimbo ilikuwa fupi, Sheikh ameinamisha bega kuifuata. Ncha ya juu ya fimbo ilifungwa kitambaa cha kijani. Na chini, pale ilipogusa saruji, palikuwa peusi.

Mbao hugonga. Chuma hugonga. Mpira haugongi.

Swala ilipokwisha alingoja watu wapungue, akamsogelea khatibu, akampa mkono.

"Sheikh, hiyo fimbo ni mpya?"

"Mpya, alhamdulillahi. Ile ya zamani ililiwa na mchwa mwaka juzi. Mwenyekiti wetu ametimiza ahadi. Anasema ameiagiza Omani."

"Na mkeka aliuleta lini?"

"Mkeka upi? Alileta fimbo tu, jana baada ya isha."

Rehani aliomba ruhusa, akafungua kitambaa cha kijani. Ndani kulikuwa na kichwa cha chuma, bapa, chenye chembe za mchanga wa oili kwenye mikwaruzo. Akaigeuza. Tyubu ya baiskeli, imezungushwa kwa mkono wa mtu mvumilivu.

Sheikh Mboni aliitazama muda mrefu. "Nimehutubu juu ya amana," alisema taratibu, "nimeshika hii."

"Hukujua, Sheikh."

"Sikujua. Lakini yeye alikuwa amekaa safu ya kwanza."

Mwenyekiti Tawakali alikuwa bado barazani anavaa makubazi. Alipoiona fimbo haina kitambaa, kubazi moja likamponyoka. Rehani alimpeleka pembeni, akamsomea onyo kwamba halazimiki kusema. Alisema. Watu wanaozoea majukwaa hawajui kunyamaza.

"Ulikwenda hotelini kuiba?"

"Sikwenda kuiba. Niliuona mkoba umefunguka kidogo, fimbo imechungulia."

"Na mkeka?"

"Ulikuwa wa kwangu. Niliunyakua nyumbani ili nije nao msikitini, nipunguze aibu. Baada ya kuiona fimbo nikaikunjia humo, kisha nikaona mkeka wa nini."

"Aibu gani, Mzee?"

Tawakali alitazama chini. Wakati wa kuomba kura, alisema, aliapa mbele ya msikiti mzima kwamba ataleta fimbo mpya ya khatibu. Akashinda, akasahau. Wazee hawakumkumbusha kwa mdomo. Walichofanya ni kutafuta mpini wa jembe, wakampa Sheikh apande nao mimbarini. Ijumaa baada ya Ijumaa.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" alisema. "Ule mpini ukigonga, ko, watu wote wananigeukia mimi. Watoto barabarani wananiita Mwenyekiti Mpini. Na uchaguzi ndio huo umekaribia."

"Ungeenda porini ukakata mti."

Ilionekana hilo halikuwahi kumjia.

"Nilijua wageni hawaingii msikitini," alisema. "Tena ni kitu cha mchezo tu. Nikasema yule mama atanunua nyingine."

"Ulisikia Likwata amewekwa ndani?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpelekea mkewe unga."

Rehani akamfunga pingu, ingawa mzee hakuwa na pa kukimbilia.

Njiani simu ya mkubwa ililia. Habari zilishamfikia. Alitaka kujua kama mambo hayawezi kumalizwa kirafiki, kwa kuwa Mwenyekiti ni kiongozi mwenzetu. Rehani akajibu kwamba mtandao unasumbua, akaizima.

Likwata alitoka mahabusu jioni ile ile, na Mama Monika mwenyewe alikwenda kumpokea mlangoni. Alipokabidhiwa fimbo kwa muda ili aitambue kama kielelezo, alipitisha kidole kwenye tyubu, mzunguko mmoja hadi mwingine. Rehani alimweleza kwamba wakubwa wanaulizia kama yuko tayari kusamehe.

"Fimbo yangu nimeiona, mimi sina kinyongo," alisema. "Aliyelala sakafuni ni huyu. Muulizeni yeye."

Likwata alifikiri. "Kesi iendelee," alisema. "Unga nitamrudishia."

Mahakama ilipomaliza kazi yake fimbo ilirudi kwa mwenyewe, na Mama Monika aliongeza likizo kwa makusudi. Kwenye shimo la sita Likwata alimshikia bendera. Mpira ulikwenda polepole juu ya mchanga mweusi, ukasita mdomoni, ukaingia.

"Mzee wangu angekuwepo angesema nimebahatisha," alisema, akicheka.

"Umebahatisha, Mama," alisema Likwata.

Mama Monika alikuwa ameuliza kama msikiti utakubali fimbo ya mpingo, zawadi yake. Wazee walikaa, wakamshukuru sana, wakamwombea dua, wakakataa. Sheikh Mboni ndiye aliyeleta majibu.

"Tunayo," alisema. "Imelima, imechoka, lakini kila mtu anajua ilikotoka."

Na Ijumaa, kutoka kiwanjani, Mama Monika alimsikia amefika palipo pazito.

Ko.