Tepu ya Sihaba

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Chumba cha pumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Kibiti. Mashine ikinguruma, hata ukipiga kelele, nje hawakusikii. Ndiyo maana Nassibu alikichagua.

"Saa saba kasoro robo Abdulswamadu anafunga ofisi, anakwenda kuswali. Mlinzi naye anamfuata. Tuna nusu saa. Idrisa, gari nyuma, usizime. Mimi navunja. Mshamu anachagua."

Abdulswamadu sasa alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Lakini mwaka tisini na tano, televisheni za watu binafsi zilipoanza Dar, alitengeneza katuni ya kasa aliyepotea njia. Muziki wake ulirekodiwa Mohoro. Zumari alipiga Mshamu. Mwimbaji alikuwa mkewe, Sihaba. Baada ya vipindi vitatu kituo kikaitupa ile sauti, kikatia kinanda cha umeme. Nyimbo za kwanza zikabaki kwenye tepu moja ya reli, ile ya utepe unaozungushwa kwenye gurudumu, ndani ya kabati la chuma la Abdulswamadu.

Kipindupindu kilimchukua Sihaba mwaka uliofuata. Mshamu hakuwa hata na picha yake. Alikwenda mara nne kuomba aisikilize ile tepu. Mara ya nne alitolewa kwa fimbo.

Leo kuna bwana wa Dar anaitaka.

"Anaitaka ya nini?" Mshamu aliuliza.

"Yanakuhusu? Tepu ziko nyingi mle, na wewe ndiye unayeijua. Dili likiisha, utaisikiliza Dar mpaka uchoke."

Saa saba kasoro dakika tano.

Nassibu aliteremka kukagua uchochoro. Ndani ya pikapu wakabaki wawili. Idrisa alishika usukani kwa mikono miwili.

"Kaka, hutaisikiliza. Yule bwana anakwenda kuichoma. Anataka kusema nyimbo zote ni zake."

"Umejua lini?"

"Juzi."

Walikuwa wametahiriwa siku moja, Idrisa na yeye. Mshamu alingoja atazamwe usoni. Hakutazamwa.

Nassibu akapunga mkono.

Saa saba kamili.

Mtaimbo ulikula kufuli mara mbili. Kabati likafunguka. Tepu kumi na moja, lebo zote zimeliwa na unyevu. Mezani palikuwa na mashine ya kuzichezea, imeungwa kwenye betri ya gari. Mshamu akavaa hedifoni.

Ya kwanza, hotuba. Ya pili, kelele tupu.

Ya tatu, mtu akakohoa. Kisha akacheka. Kisha akaanza kuimba.

Mshamu aliuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Vipi?" Nassibu alifoka.

"Siyo."

Akaiweka kando. Akajaribu ya nne. Ya tano ilikuwa matangazo ya sabuni.

"Hii hapa."

"Una hakika?"

"Sauti ya mke wangu siijui?"

Saa saba na dakika nane.

Pikapu ilishika barabara ya Nyamisati, ambako boti ya injini iliwangoja. Kwenye kona ya kwanza Mshamu akagonga bodi.

"Nateremka."

"Umechizi?" Nassibu alisema. "Njagu watakudaka, ulale rumande."

"Shauri yangu."

Nassibu aliibana tepu kifuani. Mtu mmoja akipungua, fungu la waliobaki linaongezeka. "Mwache huyo bwege."

"Panda, kaka," Idrisa alimwomba. "Panda, tafadhali."

"Nenda."

Vumbi likawafunika. Mshamu alirudi ofisini mbio, viatu mkononi.

Saa saba na dakika kumi na nne.

Alikaa kwenye kiti cha Abdulswamadu, akavaa hedifoni, akairudisha ile tepu ya tatu mwanzo. Sihaba aliimba kasa anavyoutafuta mchanga alimozaliwa. Zumari lilimfuata nyuma taratibu, kama mtu anayemshikia mwenzake taa. Mshamu alifumba macho. Hakuusikia msikiti ukitoka.

Alipoyafumbua, Abdulswamadu alikuwa mlangoni, kanzu imemlowa jasho. Nyuma yake watu walikuwa na mawe.

"Mwizi! Mtoeni!" walipiga kelele.

Midomo yao tu ndiyo Mshamu aliyoiona ikienda. Hakukimbia. Aliinua kidole kimoja: ngojeni.

Abdulswamadu aliitazama reli ikizunguka. Akamtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwa fimbo. Kisha akatanua mikono mlangoni, akawazuia wenye mawe.

"Mtu asimguse. Kaiteni polisi."

Wimbo ukaisha. Kwenye hedifoni Sihaba alishusha pumzi.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka," sauti ya Mshamu, changa, ikamjibu kutoka Mohoro.

Ncha ya tepu ikachomoka. Reli ikabaki inazunguka peke yake, ikipigapiga. Mshamu akavua hedifoni, akanyoosha mikono ifungwe.