Yakubu na Sahani ya Kambale

Feza aliishi katika kijiji cha Wamaza na mama mkwe wake. Kila asubuhi walitwanga mpunga pamoja, na nyimbo zao ziliwaamsha wavivu wote wa kijiji. Mume wake Yakubu, askari wa Wabelgiji, alikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akipigana na Wadachi, yaani Wajerumani.

Siku moja Asani, mpagazi wa jeshi, alirudi na habari mbaya. Wadachi walikuwa wamemteka pamoja na Yakubu. Asani walimwachilia, wakamwagiza atangaze aliyoyaona: Yakubu amekaa mbele ya sahani ya kambale, akisema amewaacha Wabelgiji, na wenzake nao watupe bunduki.

Kambale! Kwa ukoo wa Yakubu samaki huyo ni mwiko tangu mababu. Lawama zikamwangukia Feza. Mama mkwe akaacha kutwanga naye. Shemeji zake wakasema aliyekula mwiko si ndugu tena, wala mkewe si wa ukoo. Feza arudi kwao, watoto aliozaa na Yakubu wabaki. Maskini, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Jirani yao Kassimu aliwahi kuwa askari, tena aliwahi kutekwa. Akamwita Asani mbele ya ukoo wote.

"Uliona Yakubu anameza?"

"Hapana, baba. Ile chakula ilikuwa tu mbele yake."

"Na nyuma yake?"

"Askari, na bunduki."

Kassimu akacheka. Akaeleza kwamba vita si risasi tu. Adui humtembeza mfungwa machoni pa watu ili wenzake wakate tamaa. Hata Wabelgiji, si walileta mateka wa Kidachi mjini Kabambare wakawachezesha ngoma, vijana wakakimbilia kujiandikisha jeshini?

"Mufungwa hana maneno yake," akasema. "Ukisikia anasema, uliza kwanza: nani iko nyuma yake? Nani alituma hii habari? Musivunje nyumba ya mutu juu ya maneno ya adui."

Mama mkwe kesho yake alikuja na mchi wake, akasimama kwenye kinu cha Feza. Wakatwanga. Shemeji nao wakajifanya hawakusema kitu.

Wabelgiji walipouteka mji wa Tabora kutoka kwa Wadachi, wafungwa walifunguliwa. Yakubu alirudi amekonda, mifupa mitupu, na kijiji kizima kikamlaki kwa ngoma na vigelegele. Feza alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Lakini Yakubu alisimama nje ya mlango, macho chini.

"Mama, mulisikia vile nilisema kule?"

"Tulisikia maneno ya Wadachi," mama akajibu, akamshika mkono. "Yako tunayangoja mpaka leo. Ingia, useme."