Meno ya Waliozama Kitanga

Prado nyeusi ilikata kona katika mtaa wa Kihoto na kuingia moja kwa moja majini.

Haikupunguza mwendo. Maji yalimeza taa, yakapanda boneti, injini ikazimika. Jepkemboi, afisa wa usalama, alifunga breki za Subaru ukingoni na kuruka nje, bastola ya Glock mkononi.

Alikuwa amechelewa.

Wanaume wawili walimburuta mwanamke mwenye mvi hadi kwenye boti iliyowasubiri. Boti ikanguruma, ikapotelea katikati ya nyumba ambazo Ziwa Naivasha lilikuwa limezimeza.

"Tai kwa Kituo," Jepkemboi alisema redioni. "Wameingia na yeye ziwani."

"Yuko hai?" Ilikuwa sauti ya Jonah, mkuu wa operesheni, kutoka Nairobi.

"Bado."

"Majaji wanamngoja saa tisa. Akikosa, bahari imeenda."

Mwanamke huyo alikuwa Daktari Vimla, mtaalamu wa mifupa ya kale kutoka Nakuru. Serikali moja ya ng'ambo ilikuwa ikidai bahari yote inayozunguka mwamba wa Kitanga, pwani ya Kenya, pamoja na gesi iliyo chini yake. Ilisema kwamba karne nyingi zilizopita manowari za mfalme wao zilipigana hapo na wenyeji, zikashinda. Wapiga mbizi walikuta meli mbili zimelala kando ya mwamba, na ndani ya kila moja, mafuvu. Majaji wakampa Vimla meno ya wafu hao aseme ni majeshi gani yaliyopigana. Jino hubeba alama ya maji ambayo mtu alikunywa utotoni.

Asubuhi hiyo, kabla Vimla hajamwambia mtu yeyote jibu lake, Quincy, jasusi aliyekodiwa na serikali hiyo, alimteka nyumbani kwake pamoja na mkebe wa meno.

Jepkemboi alikimbia kando ya maji. Mwanamke mmoja alikuwa akishusha magodoro kutoka kwenye boti. Jina lake Wangechi; alikuwa akihamisha majirani tangu mafuriko yaanze.

"Mathe, nahitaji hiyo boti."

"Huko ndani kuna viboko, madam."

"Kuna mama wanaenda kumuua."

Wangechi alitupa godoro la mwisho nchi kavu. "Panda."

Walipita juu ya ua wa mtu, wakakwepa nguzo ya stima. Mbele kulikuwa na nyumba ya ghorofa, nusu yake majini. Boti ya Quincy ilikuwa imefungwa kwenye balkoni.

Risasi ikapasua ubao wa boti yao.

"Lala chini!"

Jepkemboi alifyatua mara mbili. Mlinzi wa Quincy akaanguka kutoka balkonini hadi majini, na hakuibuka.

Maji yalikuwa yakiingia kwenye boti yao kwa kasi. Wangechi aliyachota kwa mtungi uliokatwa, akiomba Mungu kwa sauti.

Quincy alitokea balkonini akiwa amemshika Vimla shingoni. Mikono ya daktari ilikuwa imefungwa, mdomo umepasuka.

"Amekataa kusema uongo," Quincy alisema. "Kichwa ngumu. Sasa chagua wewe, afisa."

Akarusha mkebe upande mmoja. Akamsukuma Vimla upande wa pili.

Jepkemboi alivua jaketi lenye simu na redio, akaacha bastola botini na kujitosa.

Chini kulikuwa na giza la matope. Alipapasa. Ukuta. Dirisha. Hakuna mtu. Kifua kilimwaka. Mungu wangu, nimempoteza. Kisha vidole vikagusa nywele.

Alipomwibua, Vimla hakuwa akipumua.

Quincy alikuwa ameshawasha boti. Wangechi aliona. Akageuza boti yake inayozama na kumgonga ubavuni kwa nguvu zote, naye Quincy akarushwa majini. Alipoibuka akitafuta pa kushika, Wangechi alikuwa ameokota Glock.

"Jaribu tu," alisema.

Balkonini, Jepkemboi alikandamiza kifua cha Vimla. Tena. Tena.

"Mama, tafadhali. Pumua."

Vimla alitapika maji ya ziwa, akalia kama mtoto.

Jepkemboi alimfunga Quincy pingu kwenye reli ya balkoni. Kisha akarudi majini kutafuta meno. Aliingia sebule iliyozama, akakanyaga kochi, akagonga kabati. Karibu na hapo, kiboko alikoroma. Alizama na kuibuka mpaka mikono ikafa ganzi.

Mkebe ulikuwa umekwama chini ya ngazi.

Saa tisa, Vimla aliketi akitetemeka mbele ya simu ya Jepkemboi, na majaji wakamwona.

Jonah alinong'ona redioni, "Mwambie aseme tuliwapiga hao wageni. Nchi itafurahi."

Jepkemboi akazima redio.

"Waheshimiwa," Vimla alisema, mkebe mapajani, "meno ya meli zote mbili nimeyapima. Hakuna mgeni hata mmoja. Wote walikunywa maji ya pwani ile ile. Waliopigana Kitanga ni miji miwili jirani. Walimalizana wao kwa wao."

"Na manowari za mfalme?" jaji mmoja aliuliza.

"Hazikuwepo."

Kwenye skrini, wakili wa ng'ambo alivua miwani na kuinamisha kichwa.

Jepkemboi alikulia Olenguruone, katikati ya mapigano ya kikabila. Hakuhitaji kuelezwa jinsi majirani wanavyouana. Alimfunika Vimla kwa jaketi, akachukua bastola kwa Wangechi na kumshukuru.

Boti ya polisi ilipofika, aliwakabidhi Quincy, akavushwa pamoja na Vimla hadi ukingoni. Akakamua maji kwenye mikono ya shati, akawasha Subaru, akashika barabara ya Nakuru.

Redio ilibaki imezimwa.