Mtoto wa Sinia la Chai

Jioni hiyo Biubwa alikuwa na jambo moja tu kichwani: kufunga duka, kuwahi teksi ya kwenda kwake Mayfair na kumkuta mwanawe hajalala. Jua la kipupwe la Johannesburg halina adabu. Ukiligeuzia kisogo kidogo tu, limekwenda zake. Barabara ya Commissioner ilikuwa imeanza kuingia kiza na wachuuzi walikuwa wanakunja maturubai yao.

Ilibaki kazi moja. Kuwanywesha watoto.

"Watoto" ndivyo Mama Lin, mwenye duka lile la majani ya chai, alivyoviita visanamu vyake vya udongo. Vilikaa juu ya sinia la mbao lenye matundu: chura, nguruwe mnene, na kivulana kilichoketi kitako, tumbo nje, kinywa wazi. Wachina wenye kuijua chai yao huwa navyo. Kila wakinywa, navyo humwagiwa, na miaka ikipita udongo hung'aa na kunukia chai. Mama Lin alikuwa Durban akimuuguza dada yake. Alipoondoka alimwachia Biubwa funguo na wasia, kwa Kiingereza chao cha dukani.

"Kila jioni, chai. Usiwaoshe kwa sabuni. Usiwape kitu kingine."

Biubwa alicheka kimoyomoyo. Kwao Tanga mtu halei sanamu. Lakini kazi ni kazi, na Mama Lin alikuwa mtu mwema, aliyemwachia chumba cha nyuma akamue maziwa kila yakimjaa. Mwanawe Yasmin alikuwa bado mchanga, na maziwa ya mama hayangoji foleni ya teksi.

Siku hiyo alikuwa amekamua kikombe kizima, kisha akakumbuka kwamba chupa ya kubebea ameisahau nyumbani. Kumwaga hakuthubutu. Mama yake alimwonya tangu zamani kwamba maziwa ya ziwa hayamwagwi penye kukanyagwa, yatakauka. Sinki lenyewe lilikuwa limejaa matambara ya kudekia. Birika halijachemka. Kivulana kilikuwa kinamtazama, kinywa wazi.

"Haya, nawe kunywa," alikitania. "Usije ukasema umenyimwa."

Maziwa yakateremka usoni, yakaingia kinywani.

Bwi... bwi... bwi...

Vipovu. Kilikuwa na uwazi ndani, hewa inatoka, basi. Biubwa alicheka peke yake, akafunga duka.

Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa, na jioni zote zilizofuata. Ilikuwa rahisi kuliko kuchemsha maji. Na tuseme kweli, kilimfurahisha, kitu kile kidogo kisichokataa anachopewa.

Yasmin ndiye aliyeanza kukataa.

Alikuwa akilishika ziwa, analiacha, analia. Kisha ziwa lenyewe likaanza kuwa tupu. Biubwa alikunywa uji wa pilipili manga, akala supu ya pweza aliyeagizwa kwa taabu, mumewe Suhaib akamsomea dua. Wapi! Mtoto alikonda hadi vikuku vikamvuka miguuni. Wakamjaribia maziwa ya kopo, akayatema. Biubwa alilia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikiwe. Alikuwa anamwona mwanawe akimponyoka mikononi.

Victorine, jirani yao Mkongo aliyekuwa akisuka nywele nyumbani na kumlea Yasmin mchana, ndiye aliyemvuta pembeni.

"Mama Yasmin, mutoto hakukunywa kitu leo," alinong'ona. "Analiaka, analiaka... kisha jua ikishuka, ananyamaza. Anageuza kichwa ivi, ni kama anasikilizaka mutu."

"Jua likishuka?"

"Eish, kila siku. Saa ile unafungaka duka."

Biubwa alimchukua mwanawe, akambana kifuani.

Siku iliyofuata, jioni, aliwasha birika mapema. Aliapa kwamba leo ni chai tupu. Duka lilikuwa kimya. Nje, taa ya njia panda, roboti kama wenyeji waiitavyo, iligeuka nyekundu na wekundu wake ukaingia hadi juu ya sinia.

Kwanza aliisikia harufu. Si chai. Ni utosi wa mtoto, na maziwa yaliyochacha.

Kisha sauti...

Ndogo. Ya puani. Ya mtoto anayeamka na njaa.

Matiti yake, yaliyokuwa makavu tangu asubuhi, yakasisimka. Maziwa yakashuka yenyewe, yakalowesha buibui hadi tumboni. Kila mama anajua ni kwa nani mwili wake hufanya hivyo.

Kivulana kilikuwa kimenyamaza. Pembeni mwa kinywa chake palikuwa na tone jeupe. Bichi.

Alimpigia Mama Lin simu.

"Umempa nini?" Mama Lin aliuliza, kabla hata hajaambiwa kitu.

"Maziwa."

"Ya dukani?"

"Yangu."



"Nilimkuta kwa mama mkwe wangu," Mama Lin alisema taratibu. "Aliniambia nimpe chai tu. Sikuuliza kwa nini. Alikuwa amezika watoto, yule mama... sikuuliza." Akavuta pumzi. "Huyo sasa si wangu. Mimi dawa yake siijui."

Lakini Biubwa alijua. Kwao mtoto akinyonya kwako akashiba, tena na tena, ni wako, na uliyemzaa ni nduguye wa kunyonya. Hilo si uchawi, ni sheria. Na mtoto hatupwi. Anaachishwa.

Alikwenda kwenye duka la Msomali mmoja Mayfair akanunua shubiri. Jioni iliyofuata, mbele ya sinia, alijipaka matitini, kama mama yake alivyofanya alipomwachisha mdogo wake, akakamua matone yaliyobaki, machungu na ya kijani, juu ya kile kinywa.

"Basi, mwanangu," alinong'ona. "Imetosha. Nisamehe."

Bwi...

Kimya.

Halafu kikatema. Tone la kijani lilimrukia shavuni, la uvuguvugu. Kilio kilichofuata hakikutoka kwenye sinia. Kilizunguka chumba kizima, kikapita kwenye makopo ya chai, kikapita miguuni pake, kikaishia mlangoni.

Biubwa aliingia teksi akiwa na shubiri kifuani. Usiku ule Yasmin alilishika ziwa mara moja, akakunja uso, asilitake tena. Alikuwa amewaachisha wawili kwa shubiri moja, na hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe. Lakini asubuhi mtoto aliipokea chupa ya maziwa ya kopo, akainywa mpaka ikapiga mluzi. Suhaib alisujudu palepale sakafuni.

Mama Lin aliporudi alikimwagia kivulana chai, akakiinua, akakitikisa sikioni.

"Kitupu," alisema. "Chai inapita tu."

"Amekwenda wapi?"

Mama Lin alimtazama kwa huruma. "Unaniuliza mimi? Mama ni wewe."

Sasa Yasmin ana mashavu, anakaa mwenyewe, vikuku vinambana. Ila ana mchezo wake mmoja. Jua likishuka, chupa ikifika nusu, huichomoa kinywani na kuinyoosha pembeni, pasipo mtu. Anangoja. Kisha anairudisha, na maziwa yamepungua. Suhaib hucheka, husema binti yake ni mkarimu. Biubwa hacheki.

Jana mchezo uligeuka. Yasmin aliinyoosha chupa, akangoja, akaivuta, isije. Akaivuta tena kwa mikono miwili, akapiga ukelele wa mtoto anayenyang'anywa. Chupa ilikuwa imeganda hewani, na vipovu vinapanda ndani yake.

Bwi... bwi... bwi...

Biubwa aliyaona yote kutoka mlangoni. Akaingia jikoni, akachukua chupa ya pili, akaiosha, akapima unga wa maziwa. Akarudi, akaiweka kwenye mkeka, upande wa pili wa Yasmin, na kurudi nyuma.

"Haya, wanangu," akanong'ona. "Msigombane."